Kitenge Katikati ya Wimbo

Watu wakiniuliza nilisomea wapi kuimba, nataja chuo, kwa sababu ndicho kinachoandikwa kwenye karatasi ya programu chini ya picha yangu. Ukweli ni kwamba chuo kilinikuta ninaimba. Aliyenifundisha ni mama yangu, kwanza kwenye kwaya ya kambi kule Kigoma, tulikokuwa wakimbizi kutoka Burundi, halafu kwenye kwaya ya parokia yetu huku Houston. Mama ni mwalimu wa kwaya. Siku za kazi anafua mashuka ya hoteli, jioni na Jumapili anatufua sisi.

Ukimwona Mama mbele ya kwaya utadhani amekuja kugombana na mtu. Hashiki kijiti wala hapungi mikono. Anaanzisha wimbo, anatukazia macho, na anasubiri tuitikie. Tukiitikia kivivu, haendelei. Anasimama pale pale, mkono kiunoni, hata kama ni katikati ya misa na padre keshaanza kukohoa, mpaka tuitikie tena kama watu walioamka. Kwake hakuna wimbo wa mtu mmoja. "Hujaitikiwa, unakwenda wapi?" ndivyo alivyokuwa akinigombeza tangu nikiwa mdogo, kila nilipokimbilia ubeti wa pili. "Unamwimbia nani, ukuta?" Basi nikajifunza kusubiri. Nilijifunza vizuri mno, kama mtakavyoona.

Opera niliingia kwa mlango wa uani. Mwalimu wa muziki wa sekondari alinisikia, akanipeleka kwa mwalimu wa sauti wa chuo, mama wa Kimarekani mrefu, mwembamba, anayekunywa maji ya moto kutwa nzima kana kwamba ana homa. Alinisikiliza, akavua miwani, akasema nina soprano ya kweli na kwamba atahangaika mpaka nipate ufadhili. Akahangaika kweli. Nyumbani nilieleza kwamba soprano ni sauti ya kwanza. Mama akashangaa.

"Sasa hiyo si unayo tayari? Wanataka kukusomesha nini?"

Walitaka kunisomesha kujaza ukumbi mzima bila kipaza sauti, mbele ya wapiga vyombo kibao, na jambo hilo huwezi kulifanyia mazoezi kwa adabu. Sisi tunakaa mtaa wa Gulfton, kwenye maghorofa yaliyobanana ambako jirani akikata vitunguu wewe ndiye unayetokwa machozi. Nilifanyia mazoezi bafuni. Siku ya kwanza niliyofikisha sauti juu kabisa, mlango wetu uligongwa kwa kishindo. Alikuwa mama mmoja Mkongo wa ghorofa ya juu yetu, anayeimba sauti ya pili kwenye kwaya. Alikuwa ameshika mwiko, na ugali bado umeganda juu yake.

"Ni nani anakupiga?" aliuliza, macho yakipekua nyuma yangu.

"Hakuna mtu, mama. Ninaimba."

"Ile ni kuimba? Ah non, mwanangu. Ile ni mutu wanamuchinja!"

Nikamwimbia tena, pale pale mlangoni. Alisikiliza mwiko ukiwa hewani. Nilipomaliza alisema, "Iko na nguvu, sana. Lakini juu ya nini unalia?" Tangu siku hiyo akawa mlinzi wangu. Jirani akilalamika, yeye ndiye aliyeshuka kumweleza kwamba mtoto anasoma, na asiyependa akanunue nyumba yenye bustani.

Nilipomaliza chuo nilianza kuitwa kwenye kwaya ya opera hapa hapa Houston. Si kazi ya kudumu, wanakuita wakikuhitaji. Nimekuwa mwanakijiji, mtawa, mgeni wa arusi, na nimekunywa mvinyo mwingi kutoka vikombe vitupu. Mara moja walinipa maneno yangu mwenyewe: nafungua mlango, naimba kwamba wageni wamefika, nafunga mlango. Mlango ule niliufanyia mazoezi mwezi mzima. Mama aliposikia akasema hongera, sasa wewe ni askari wa getini. Siku ambazo sikuitwa nilikuwa nikihudumia wazee kwenye nyumba moja ya kulelea wazee mtaa wa Alief, nawaogesha, nawalisha, na kuwajaribishia nyimbo zangu. Wazee ni wasikilizaji wazuri. Asiyesikia anakuambia tu upaze sauti.

Ndani ya kwaya ya opera kasoro yangu haikuonekana, kwa sababu kiongozi wa muziki anawavuta wote pamoja kama mbuzi wanaopelekwa sokoni. Ilijitokeza nilipoanza kwenda kwenye usaili, mahali ambapo unasimama wewe na mpiga piano tu, mbele ya waamuzi. Kila nilipomaliza mstari wa wimbo, nilinyamaza. Si sana. Kiasi cha watu kuvuta pumzi na kuitikia. Piano inaendelea, mimi nimesimama natabasamu nasubiri kitu ambacho hakiji, halafu nashtuka na kuanza kuikimbiza piano kama mtu aliyeachwa na basi. Dallas niliharibu hivyo mara mbili. Mara ya pili mpiga piano mwenyewe alinifuata nje kunipa pole.

"Unamsubiri nani?" mwalimu wangu wa sauti aliniuliza.

Kwanza nilidhani nasahau maneno, kisha nikadhani ni woga. Tulijaribu kila dawa. Aliniimbisha nikitembea, akaniimbisha nikikunja nguo, akanipigia makofi kila nilipotaka kusimama. Ndani ya chumba chake nilipona. Nikisimama mbele ya watu, ugonjwa unarudi pale pale. Mpaka Jumapili moja, Mama kaanzisha wimbo wa matoleo, sisi tumeitikia, nikaangua kicheko peke yangu katikati ya kanisa na watu wakanigeukia. Nilikuwa nimewaona ninaowasubiri. Walikuwa wamenizunguka, wamevaa vitenge vya sare, na usaili hawaendi.

Nilipomweleza mwalimu, alikunywa kwanza maji yake ya moto. Kisha akasema anasikitika, lakini kule hakuna mtu atakayeniitikia. Nitaanza peke yangu na nitamaliza peke yangu, na kazi yenyewe ndiyo hiyo. Siku hiyo nilimchukia kidogo, kwa sababu alisema kweli.

Ndipo ikatangazwa nafasi ya Fort Worth. Kampuni moja ya opera kule huchukua waimbaji wachanga wachache, inawapa mshahara, inawapa walimu na nafasi ndogo ndogo za kuigiza, mpaka wanakomaa. Kwa mtu wa hatua yangu hiyo ndiyo ngazi ya kupandia. Mama naye akaniita jikoni, akichambua maharage, tukazungumza.

"Nimekuacha ujaribu, sijakuzuia," alisema. "Hii ya Fort Worth ndiyo ya mwisho. Ukikosa, uta-apply nursing. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

"Usiseme tumeelewana na uso umenuna."

"Najua nursing si jela, Mama."

"Mimi sijasema jela. Nimesema mshahara."

Jambo ambalo hatukulisema, mimi wala yeye, ni kwamba nikipata nitahama. Kutoka Gulfton mpaka Fort Worth ni saa nne na ushee za barabara kuu, na hakuna mtu anayerudi kila Alhamisi kwa ajili ya mazoezi ya kwaya. Kwaya ya Mama ina sauti za pili za kumwaga, ina teno wawili, na bezi mmoja anayetoka zamu ya ghala moja kwa moja na kuja misani akisinzia. Sauti ya kwanza ni mimi, pamoja na wawili wanaonifuata mimi. Hilo tulilijua sote wawili, tukaendelea na maharage.

Usaili wa mwanzo nilipita, na sababu naijua: wimbo niliouimba ulikuwa wa mbio, hauna pa kusimama. Raundi ya mwisho ilikuwa ya hadharani, Jumamosi mchana, mbele ya waamuzi na watu waliokata tiketi. Kila mmoja wetu angeimba wimbo mmoja mrefu. Mwalimu alinichagulia wa Kiitaliano, wa polepole, binti anamngoja mtu asiyekuja. Nilimwambia kwamba wa kungoja ndio hasa nisioutaka. Akasema ndiyo maana.

Kosa nililifanya mwenyewe, nilipoitaja siku hiyo mbele ya kwaya. Mazoezi yakakatika hapo hapo.

"Tunaenda wote," alisema yule mama Mkongo.

"Ni mbali, mama."

"Mimi nilitoka Fizi, kwetu Congo, na miguu mpaka Tanzania. Wewe unaniambia Fort Worth ni mbali?"

Sikuogopa umbali. Niliogopa mapenzi yao. Kwetu mwimbaji akiimba vizuri haachwi hivi hivi. Mtu anatoka kwenye benchi lake, anamwendea akicheza, anampangusa jasho usoni, anamvika kitenge mabegani, wengine wanapiga vigelegele, na wimbo unaendelea katikati ya hayo yote. Usipofuatwa hata na mtu mmoja, rudi nyumbani ukajiulize umekosea wapi. Kwenye opera mtu akikohoa anaangaliwa kama mwizi.

Nikaweka sheria. Msiitikie. Msipige makofi. Vigelegele marufuku. Mtu asitoke kwenye kiti. Mkiniona nimeinamisha kichwa, hapo nimemaliza, fanyeni mnavyotaka. Tukafanyia mazoezi ya kunyamaza sebuleni kwetu, mimi nimesimama kando ya televisheni, wao wamebanana kwenye makochi. Niliimba mstari wa kwanza. "Eeeh!" akasema mama Mkongo. Tukaanza upya. Niliimba mstari wa kwanza na wa pili, na Mama, ambaye alikuwa akiwatisha wenzake kwa macho, akaanza kuvuma chini kwa chini kama friji.

"Mama!"

"Nani? Mimi? Nilikuwa nahema."

Mmoja akashauri peremende. Kila mtu atie peremende mdomoni, mdomo wenye peremende haupigi kelele. Nikasema karatasi za peremende zinapiga kelele kuliko watu. Mama akasema basi atazimenya zote nyumbani. Akazimenya, akazifunga kwenye kitambaa, na kufika Fort Worth, kwa joto la Texas, zilikuwa zimekuwa peremende moja kubwa ambayo hata kwa nyundo isingevunjika. Mama aliitazama, akaifunga tena, akasema tutajikaza.

Aliyetupeleka ni baba mmoja wa Mombasa mwenye basi dogo, Mwislamu, ambaye hutubeba kila tukiwa na msiba au arusi kule Dallas. Njia nzima walikula chapati na mayai ya kuchemsha, wakabishana kama dirisha lifunguliwe au kiyoyozi kiongezwe. Mimi nilikaa mbele nimejifunga skafu shingoni, siruhusiwi kuongea. Baba wa Mombasa ndiye aliyeongea kwa niaba yangu.

"Hebu nieleweshe, mwanangu. Mtu ataimba, na watu wamekaa kimya, hakuna wa kumtuza?"

Nikatikisa kichwa.

"Mtu aimbe aondoke na jasho lake mwenyewe! Hata sisi kwetu Mombasa, mwimbaji hutuzwa. Mambo gani haya?"

Nyuma huko wakamuunga mkono kwa sauti moja. Nikaona kazi yangu ya wiki nzima inayeyuka kama zile peremende, nikawageukia na kuinua kidole. Wakanyamaza mpaka mji uliofuata.

Walikaa safu ya tatu, katikati, vitenge vya kijani vya kwaya na vilemba juu. Aliyekaa nyuma yao sijui aliona nini. Baba wa Mombasa alikaa mwisho wa safu, amevaa kofia yake ya kushona kwa mkono na koti la suti. Nilipoingia jukwaani na gauni langu la buluu niliwaona wote wamefumba midomo kama watoto wanaokataa dawa. Nikamwitikia mpiga piano kwa kichwa kidogo, kidogo sana, wasije wakadhani nimemaliza kabla sijaanza.

Sauti ilitoka vizuri. Hilo nalisema bila aibu. Ilitoka safi, ikaenda mpaka viti vya nyuma ikarudi. Mstari wa kwanza ukaisha, nami nikasimama.

Nilijua nimesimama. Nilikuwa nikijiambia nenda, nenda, na miguu ya sauti imekwama. Kibaya zaidi, niliwaona. Mwisho wa kila mstari wale kina mama walivuta pumzi kwa pamoja, vifua vikapanda, kwa sababu miaka yote hiyo nikifika mwisho wao ndio wanaoingia. Kisha wanakumbuka sheria na kuibana ile pumzi ndani. Mama Mkongo alikuwa amejiziba mdomo kwa viganja viwili. Basi nikajikuta nawasubiri watu niliowafunga midomo mwenyewe. Mstari wa pili nikachelewa, wa tatu nikachelewa, piano inanipita, narukia mkiani mwake. Meza ya waamuzi ilikuwa chini yangu upande wa kushoto, na mmoja wao aliweka kalamu chini. Nikaona Fort Worth inaondoka na mimi nimesimama kituoni.

Katikati ya wimbo ule mwimbaji ananyamaza, piano inacheza peke yake kwa muda, halafu anaingia kipande cha mwisho, ambacho ndicho kigumu. Wiki ile ile mwalimu alikuwa ameniongezea kitu pale. Alisema binti amekata tamaa, basi na wewe onyesha, usisimame kama nguzo. Inamisha kichwa.

Nikainamisha kichwa.

Kabla kidevu hakijagusa kifua nilikumbuka. Nilikuwa nimechelewa. Vigelegele vililipuka safu ya tatu kwa nguvu za watu waliovibana tangu Houston. Walisimama wote. Mama Mkongo alikuwa akilia na kupiga vigelegele kwa wakati mmoja, kazi ambayo si kila mtu anaiweza. Ukumbi mzima ukageuka. Nami nikamwona Mama anatoka kwenye safu, anakanyaga magoti ya watu akiwaomba radhi kwa Kirundi, anashika njia ya katikati, anacheza taratibu kwa mabega, kitenge kimekunjwa vizuri juu ya mkono wake. Mtu wa mlangoni akaanza kumkimbilia. Baba wa Mombasa akasimama na kumzuia kwa kifua.

"Easy, my brother. That is the mother."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mama alipanda ngazi za jukwaa bila haraka, kwa sababu jambo hilo halifanywi kwa haraka. Mpiga piano, Mungu ambariki popote alipo, alifika mwisho wa kipande chake, akatutazama, akakianza upya. Mama akanipangusa jasho kwenye paji la uso, kisha mashavuni, kisha chini ya kidevu, kama alivyokuwa akinifanyia kambini nikiwa na homa.

"Umeimba vizuri," alininong'oneza. "Mbona unasimama-simama?"

"Mama, sijamaliza!"

"Hujamaliza?"

"Bado kipande kizima!"

Akanivika kitenge mabegani, akakinyoosha kila upande, akarudi nyuma hatua moja aone kama kimekaa sawa. Hakuonekana kuwa na wasiwasi hata kidogo.

"Si uendelee basi," alisema. "Tumeshaitikia."

Akashuka akicheza vile vile. Watu walikuwa wameanza kucheka, kicheko kizuri, na wengine wakapiga makofi kumsindikiza mpaka kwenye kiti. Piano ikafika tena mahali pangu pa kuingia.

Niliingia. Sina namna ya kulieleza zaidi ya hivi: nilikuwa nimeitikiwa, kwa hiyo niliweza kwenda. Nilikuwa na hasira, nilikuwa na aibu, kitenge kinanitekenya shingo, na nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo nikiimba kwa lugha ya watu wengine. Mstari ukiisha nauvuka. Unaofuata nauvuka. Sikumsubiri mtu. Ile noti ya juu ya mwisho, ambayo bafuni kwetu ilimtoa mama Mkongo jikoni kwake, niliishika mpaka nikasikia ukumbi umenyamaza chini yake. Nilipoinamisha kichwa mara ya pili, safu ya tatu hawakusogea. Walitazamana. Walikuwa wanaogopa kukosea tena, na ukumbi ulipolipuka kwa makofi wao ndio walikuwa wa mwisho kuamini.

Nyuma ya jukwaa mwalimu wangu, aliyekuja kwa gari lake, alikuwa amevua miwani na anajifuta macho, sikujua kama ni kucheka au kulia. "Hukusimama," alisema. "Kipande cha pili, hukusimama hata mara moja." Nikamwambia najua. Halafu akaninywesha maji yake ya moto, na kwa mara ya kwanza nikaona yana faida gani.

Matokeo hayakutolewa siku ile. Waamuzi walitushukuru sote kwa nyuso zisizosema kitu, wakaondoka. Ndani ya basi kulikuwa kimya kuliko walivyowahi kunyamaza sebuleni. Tulipita maduka, tukapita malisho ya ng'ombe, hakuna aliyefungua chapati. Mwishowe mama Mkongo akanigusa bega.

"Tulikuharibia?"

"Sijui, mama." Nilisema kwa ukali, kwa sababu hasira ilikuwa haijaisha. "Niliwaambia mpaka nimalize."

"Ulisema kichwa," akasema Mama kutoka nyuma. "Kichwa kiliinama, sote tumekiona."

"Kiliinama," wakathibitisha kina mama.

"Mimi pia nilikiona," akasema baba wa Mombasa, akitazama barabara. "Tena niseme haki ya Mungu, bila kumpendelea mtu: kipande cha kwanza ulikuwa waimba kama mtu aliyepoteza funguo. Ulipotuzwa tu, mashallah, mlango ukafunguka."

Kicheko kilinitoka puani. Nikajaribu kukizuia, nikashindwa, na basi zima likaanguka vicheko mpaka akina mama wakawa wanajishika mbavu na baba wa Mombasa akalazimika kusimama kituo cha mafuta. Pale ndipo chapati zilipotoka. Lakini mimi usiku huo, na kila siku ya wiki iliyofuata, nilikuwa nikihesabu mistari niliyochelewa. Nikaanza hata kusoma kurasa za chuo cha uuguzi, kwa sababu ahadi ni ahadi.

Simu ilikuja nikiwa Alief, namlisha bibi mmoja uji wa shayiri. Aliyepiga ni mkurugenzi wa ile kampuni, mwanamke mwenye sauti ya kukwaruza. Alisema kipande cha kwanza kiliwafanya waamuzi wabishane. Kipande cha pili kiliwafanya waache kubishana. Nafasi ni yangu, nianze mwezi wa tisa, na anaomba jambo moja tu: yule mama anakaribishwa katika kila onyesho, ila asubiri pazia lishuke. Nikasema asante mara nyingi mpaka bibi akanivuta mkono akitaka uji wake.

Nilimpigia Mama kazini, jambo ambalo haruhusu mpaka mtu awe amekufa. Alipokea akihema. Nyuma yake mashine za kufulia zilikuwa zikinguruma.

"Nani amekufa?"

"Hakuna. Mama, nimepata. Wamenichukua."

"Wamekuchukua?"

"Fort Worth. Wamenichukua, Mama!"

Kigelegele alichopiga kilinifanya niitoe simu sikioni. Nikasikia watu wanakuja mbio, wanamuuliza kwa Kihispania kama ameungua. Akawajibu hapana, hapana. Kisha mngurumo ukapungua, nikajua amesogea pembeni.

"Nisikilize," alisema. "Nilikuwa naomba upate. Kila siku. Na pembeni kidogo, nilikuwa naomba usipate. Mungu ameisikia ile kubwa, nimshukuru."

Mimi ambaye nilikuwa nimechelewa mistari yote ile nikisubiri wengine waseme kitu, sasa aliyekuwa anasubiri ni yeye, na mimi nalia tu.

"Usilie, mimi niko kazini," alisema. "Nenda ukaimbe. Na huko usinisubiri, mwanangu. Wewe endelea tu."

Hakukata simu, alisahau, kama kawaida yake, akaiweka mahali. Nikamsikia akirudi kwenye mashine, nikamsikia anavuta mashuka yaliyolowa. Wenzake walikuwa bado wanamuuliza kuna nini. Kihispania cha kazini nakielewa kidogo. Hakuwaambia kwamba binti yake amepata kazi ya opera. Aliwaambia kwamba binti yake anahama.